Msimu wa Kuanika Nyabusozi

Juni ulikuwa mwezi wa kuanika. Mvua zilizoanza Septemba zilikuwa zimekatika mwishoni mwa Mei, barabara ya kwenda Biharamulo mjini imeshakuwa vumbi jekundu, na katika kila ua wa Nyabusozi palikuwa na kitu kimetandazwa: mahindi, maharage, muhogo uliomenywa ukisubiri kuwa makopa. Kwa bibi yangu, mzaa mama, vyote hivyo vilikuwapo na vyote vilikaa juani. Majani ya dawa tu ndiyo yaliyokuwa na mahali pake, nyuma ya nyumba, chini ya paa la nyasi lililosimama juu ya nguzo nne bila ukuta. Upepo uliingia humo kutoka pande zote. Jua halikuingia.

Bibi hakuwa mganga wa ramli. Alikuwa mkunga, na pamoja na ukunga alijua majani. Watu walimjia kwa tumbo la mtoto, kwa kikohozi, kwa homa ambayo zahanati ilikuwa imeshaitolea vidonge lakini mwili ukabaki mzito. Akiona macho ya manjano au mtoto anayetupa mikono, hakugusa kibuyu cha dawa; alisema, “Huyu apelekwe hospitali sasa hivi,” na mara nyingine alitoa yeye nauli. Nalisema hili mapema kwa sababu wapo wanaodhani anayeiheshimu dawa ya majani lazima aidharau ya hospitali. Kwake zilikuwa milango miwili ya nyumba moja.

Dawa zake zilitoka sehemu mbili. Karibu na nyumba, kandokando ya migomba, kulikuwa na mubirizi wenye majani machungu, mvumbasi, mchaichai na mwarobaini mmoja ambao mjomba aliuleta ukiwa mche. Mbali zaidi, kwenye miombo iliyoelekea upande wa lililokuwa pori la akiba, alipata mizizi na magome: mlungulungu hasa, na gome la mninga. Miaka mingi baadaye nilisoma kazi za Profesa Mainen Moshi na wenzake wa Muhimbili, waliozunguka kata za mkoa wetu wa Kagera, Bugabo na Katoro upande wa Bukoba, na kijiji cha Kikuku huko Muleba, wakiandika mimea ya dawa na matumizi yake. Nilifurahi kuona elimu ya bibi zetu imepewa heshima ya maandishi. Ila nilipokuwa nikisoma, mawazo yangu yalirudi kwenye lile paa la nyasi. Kujua mti upi unatibu nini ni nusu ya ujuzi. Nusu ya pili inaanza pale jani linapoachana na tawi, na hiyo ndiyo niliyoishi nayo utotoni.

Kuchuma kulikuwa na saa yake. Tuliamka mapema lakini hatukuruhusiwa kugusa jani hadi umande ukauke. Jani lenye umande, alisema bibi, linaingia kichanjani na maji yake mawili, ya ndani na ya nje. Saa tatu, saa nne asubuhi hivi, ndipo tuliposhika vikapu, na kazi iwe imekwisha kabla jua halijachoma. Majani ya mvumbasi yakichumwa mchana mkali yanakuwa yameshaiachia hewa sehemu ya mafuta yake, yale yanayonukia, na mafuta hayo ndiyo dawa yenyewe. Tulichagua papo hapo: jani lenye madoa, lenye utando wa buibui, lililotobolewa na wadudu, lilibaki chini ya mti. Vikapu havikushindiliwa, kwa sababu majani mabichi yakibanana huanza kupata joto yenyewe kwa yenyewe, na yakishapata joto huwa meusi.

Vichanja vya chini ya lile paa vilikuwa vya matete yaliyofungwa kwa kamba za mgomba, kimoja juu ya kingine, kila kimoja kikiwa na nafasi ya mkono kupita. Majani yalitandazwa kwa unene wa jani moja au mawili, si zaidi. Siku ya kwanza yaligeuzwa asubuhi na jioni. Siku ya pili vilevile. Baada ya hapo mara moja. Jioni, kabla ubaridi wa kilimani haujashuka, kichanja kilifunikwa kwa mkeka, maana usiku wa Juni una unyevu wake, na jani lililokauka mchana hunywa tena maji ya usiku kama halijafunikwa. Kazi hiyo ya kufunika ilikuwa yetu watoto, na hakuna mchezo wa jioni ulioanza kabla haijakamilika.

Kwa mizizi kulikuwa na utaratibu mwingine. Mzizi huoshwa, jani halioshwi. Mzizi hukatwakatwa siku ileile unapochimbwa, vipande vyembamba vya kulingana, kwa sababu mlungulungu ukikauka mzima hakuna panga linaloukubali, na ndani yake hubaki maji ambayo hayatoki. Vipande vyake vilivumilia jua la asubuhi kidogo. Magome yalipigwa brashi ya makumbi kuondoa udongo na kuvu wa nje. Na hakumenya mti mzima kuzunguka shina: alitoa kibanzi upande mmoja, akapaka udongo kwenye kidonda, akaondoka. Mti ukikatwa gome pande zote unakufa, na bibi alikusudia kurudi mwakani.

Halafu kulikuwa na kupima. Ninaandika haya mbele ya meza yenye vitabu, na vitabu vinasema majani ya dawa yakaushwe kwa joto lisilopita nyuzi 40 hivi, hadi yabaki na maji ya kama asilimia 10 au 12 tu. Bibi hakuwa na kipimo hata kimoja cha namna hiyo. Alichukua jani la mubirizi, akalikunja katikati, kwenye ule mshipa mnene. Likikunjika kama kitambaa, linarudi. Likikatika kwa mlio, limekwisha. Hakupima majani ya juu, alipekua ya chini kabisa na ya katikati, yale yaliyojificha. Kisha alitikisa ungo karibu na sikio lake. Ningali nausikia ule mchakacho mkavu. Kwa mlungulungu alitafuna kipande kidogo cha gome na kusubiri. Ulimi ukifa ganzi, dawa imo. Mara moja alinitafunisha na mimi, mdomo ukawa si wangu kwa muda mrefu, akasema, “Sasa umejua. Ukija kuuziwa na mtu gome lisilofanya hivi, umeuziwa kuni.”

Kilo nne au tano za majani mabichi hutoa kama kilo moja ya makavu. Ukilijua hilo unaelewa kwa nini mtu mwenye haraka hushawishika kuondoa majani kichanjani siku moja au mbili kabla: unyevu unaobaki una uzito, na uzito unauzwa.

Wilaya yetu inalima tumbaku, na tumbaku nayo ni jani linalokaushwa. Mjomba alikuwa na bani, nyumba ndefu ya udongo isiyo na madirisha, na msimu wa mavuno aliichochea kwa magogo usiku na mchana. Joto humo lilipandishwa kwa hatua, chini ya nyuzi 40 wakati jani linapogeuka manjano, hadi karibu nyuzi 70 mwishoni ili ule mshipa mkubwa ukauke. Ni kazi ya ustadi, sitaidharau; mkaushaji mzuri wa tumbaku halali. Kijana mmoja wa ukoo aliwahi kupendekeza kwamba mvumbasi wa bibi uingizwe bani kwenye pembe moja, umalizike haraka. Bibi hakukasirika. Alichukua jani moja la tumbaku iliyokwisha kukauka na tawi moja la mvumbasi wa kichanjani, akayasugua yote mawili mbele ya pua ya yule kijana, akamwambia, “Hili linataka moto. Hili linataka upepo. Ukilipa hili moto, harufu yote inakwenda mbinguni, unabaki na makapi.” Nilikuwa mdogo, lakini nilielewa kwamba hapo palikuwa na elimu nzima ambayo shule yetu haikuwa nayo.

Kuhifadhi kulifanyika ndani, katika chumba chenye giza. Juu ya jiko kulikuwa na dari ya fito ambako moshi ulipita daima, na huko zilikaa mbegu za mahindi na maharage kwa sababu moshi hufukuza wadudu. Mizizi na magome viliwekwa huko pia. Majani yanayonukia hayakupanda dari hata siku moja, kwani yangenuka moshi badala ya kunuka yenyewe. Yalifungwa ndani ya majani makavu ya mgomba, kifurushi baada ya kifurushi, na vifurushi vikaingia kwenye vyungu vyenye mfuniko uliozibwa kwa nta. Vyungu vilikaa juu ya ubao, mbali na sakafu na mbali na ukuta, kwa sababu udongo wa ukuta hupitisha unyevu wakati wa mvua. Chini ya ubao alitawanya matawi ya mvumbasi uliopitwa na wakati. Wadudu wa nafaka hawaupendi, na watu wengi kijijini waliuchanganya hata na maharage ya kuweka.

Alihifadhi majani mazima. Kusaga kulifanyika siku mgonjwa alipokuja. Unga una eneo kubwa linaloguswa na hewa, nguvu zake hutoka upesi, na tena ukishasagwa hakuna mteja anayeweza kujua ni jani gani lilikuwamo. Leo nikipita sokoni Mwanza au Kariakoo nikaona ndoo za unga wa kahawia na wa kijani zimepangwa juani bila mfuniko, ninaumia. Si kwamba wauzaji wana nia mbaya. Wengi wanaitafuta riziki kwa jasho. Lakini dawa iliyomo ndani ya ndoo ile inapungua kila saa, na mgonjwa atakayeinunua analipa bei ileile.

Mwaka 1994 ulikuja na mambo yake. Tarehe 28 Aprili watu wa Rwanda, wakikimbia vita na mauaji ya nchini mwao, walianza kumiminika kupitia daraja la Rusumo, na ndani ya saa 24 walivuka wapatao 250,000 kuingia Ngara. Benaco, mahali palipokuwa na kambi ya kampuni ya ujenzi wa barabara, pakawa mji mkubwa wa maturubai. Kwetu Nyabusozi ni mbali na Benaco, lakini mama mdogo alikuwa ameolewa upande wa Ngara, na aliporudi nyumbani alikuja na simulizi ambazo sikuzisahau. Milima iliyokuwa na miti ilibaki vipara kwa sababu ya kuni. Miti ya dawa iliondoka na mingine. Iliyosalia ilimenywa magome pande zote na watu wasiokuwa na namna nyingine. Katika watu hao walikuwamo wakunga na wajuzi wa majani, wanawake walioacha kila kitu isipokuwa kile walichokijua. Mmoja wao alikuwa akimfanyia mama mdogo kibarua shambani, na akamwonyesha namna yao ya kufunga matawi kwa vichala na kuyaninginiza kichwa chini, yakikauka bila kutandazwa, pale ambapo hakuna nafasi ya kichanja.

Yule mama alimwambia pia jinsi dawa zilivyokuwa zikiharibika kambini. Chini ya turubai la plastiki hewa haiendi popote. Mchana joto linapanda, majani yanatoa maji yake, maji yanagonga plastiki na kudondoka tena juu ya majani yaleyale. Yanapikwa, hayakauki. Kufika asubuhi yana utando mweupe. Mama mdogo alinisimulia hayo akinionyesha kwa viganja vyake, kimoja juu ya kingine, jinsi tone linavyopanda na kushuka.

Ninalitaja kwa sababu plastiki hiyohiyo ilitufikia na sisi, kwa mlango mwingine. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 mfuko wa rambo ulikuwa umeingia kila duka. Ulikuwa mwepesi, haukupitisha mvua, ulipatikana bure ukinunua sukari. Vyungu vikavunjika na havikununuliwa vingine. Kisha akaja mnunuzi kutoka mjini, akataka majani ya mwarobaini na mizizi kwa wingi, akagawa mifuko mikubwa ya plastiki, akasema wajaze, atarudi. Watu walichuma wakati wa vuli, mvua zikinyesha, wakaanika kwa siku chache za mawingu, wakajaza majani yakiwa bado na uvuguvugu wa mchana, wakafunga mdomo kwa kamba. Aliporudi baada ya wiki kadhaa, mifuko ilikuwa na jasho ndani. Ilipofunguliwa, harufu ya uvundo ilijaa kiwanja cha mkutano. Alinunua machache, mengine akayakataa, na wanawake wakabaki na hasara. Lakini kilichonitia hofu hakikuwa mifuko aliyoikataa. Kuna mama mmoja aliyechagua majani yenye ukungu, akayaanika upya, yakakauka, ukungu ukapukutika, yakaonekana mazuri. Nayo yakanunuliwa.

Kuvu wakishaota juu ya chakula au dawa, baadhi yao huacha sumu, sumukuvu, na sumu hiyo haiondoki kwa kupukutwa wala kwa kuchemshwa. Kenya mwaka 2004, upande wa Makueni na Kitui, watu 125 walikufa kwa mahindi yenye sumukuvu. Mwaka 2016 ikatokea kwetu Tanzania, Dodoma na Manyara, watu wakafa vilevile. Hayo yalikuwa mahindi, na mtu hula mahindi mengi kuliko anavyokunywa dawa. Lakini mgonjwa aliyeletwa na ini lililochoka anapewa kikombe asubuhi na jioni kwa wiki nzima. Tukisema dawa ya majani haina madhara, tuseme pia jani gani, limekaushwaje, limekaa wapi.

Bibi alikuwa hai bado wakati wa mifuko ile. Alishika konzi ya majani, akanusa, akayaweka chini. Alisema tu kwamba kitu kilichoshonewa mdomo kikiwa na joto kitalia ndani. Tangu siku hiyo mama mdogo, aliyekuwa ameshahamia Nyabusozi moja kwa moja, akaweka sharti: majani yakitoka kichanjani yakae usiku mmoja ndani ya nyumba, kwenye ungo, yapoe kabisa na unyevu wake ulingane, ndipo yafungwe.

Baadaye bwana shamba aliwafundisha wanakijiji njia ya chumvi kwa ajili ya mahindi: weka chumvi kavu ndani ya chupa kavu ya kioo, ongeza mahindi, ziba, tikisa, subiri dakika kama kumi na tano. Chumvi ikishika kwenye kuta za chupa, mahindi yana maji bado. Mama mdogo akaichukua njia hiyo na kuijaribisha kwenye mizizi yake. Kwa majani hupendelea kuukunja ule mshipa, kama alivyofundishwa na mama yake; kwa vipande vya mlungulungu chupa ya chumvi iko rafuni hadi leo.

Serikali nayo ilikuwa ikitembea njia yake. Utafiti wa dawa za asili ulianza rasmi Muhimbili mwaka 1974, na mwaka 2002 ikatungwa Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala, Namba 23, iliyoleta Baraza la kusajili waganga na dawa zao. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wa kulima na kukusanya mimea ya dawa mwaka 2003. Niliusoma mwongozo huo nikiwa mtu mzima, na karibu kila ukurasa nilikutana na bibi: usichume kwenye umande, usikaushe juu ya udongo mtupu, tandaza kwa wembamba, geuza, epusha jua kwa majani yanayonukia, inua magunia kutoka sakafuni. Kilichokuwa kigeni kwake ni karatasi tu. Hakuandika. Alijua kila chungu kwa nafasi yake, na alipofariki, mpangilio ule ulivurugika ndani ya wiki moja ya msiba. Ndugu walisogeza vyungu kupata mahali pa kulaza wageni, na dawa nyingi nzuri zikatupwa kwa kuwa hakuna aliyeweza kusema ni nini.

Ndiyo maana mama mdogo anaandika. Tarehe 1 Juni 2019 mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku nchini, na ingawa wengi sokoni walilalamika, yeye alilipokea jambo hilo kwa mikono miwili. Kikundi cha wanawake anachofanya nacho kazi kilihamia kwenye mifuko ya karatasi ya kaki, iliyokunjwa mdomo mara mbili, na mifuko hiyo hukaa ndani ya makopo au ndoo zenye mfuniko wa kubana. Karatasi humruhusu kugundua mapema: ikilainika, unyevu umeingia. Ndoo huzuia wadudu na mwanga. Kila mfuko una jina la mmea kwa Kiswahili na kwa Kisubi, sehemu iliyotumika, kitongoji ulikochumwa, mwezi wa kuchuma, na mwezi wa kuacha kuutumia. Majani anayapa mwaka mmoja. Mizizi na magome anayapa miaka mitatu yakiwa mazima.

Utaratibu huo ulijaribiwa mwaka 2020. Corona ilipoingia, nchi nzima ikawa inajifukiza. NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa, ikatoa dawa yake ya NIMRCAF, ndege ikatumwa Madagascar kuleta kinywaji cha artemisia. Mvumbasi, mchaichai, mwarobaini, kila kilichonukia kikawa na mnunuzi. Simu zilipigwa kutoka Mwanza, kutoka Kahama, watu wakitaka magunia wiki hiyohiyo, mabichi au makavu, haidhuru. Mama mdogo alikuwa na akiba ya msimu uliopita, akaiuza kwa bei yake ya kawaida. Ilipokwisha akasema imekwisha. Wenzake wawili walikasirika kwamba anafukuza fedha. Alinieleza kwa simu, “Mwanangu, mtu ana kifua kinambana. Nimpe jani lenye ukungu alivute ndani?” Mimi sina cha kuongeza juu ya hilo.

Tatizo lililobaki ni mvua. Kiangazi chetu ni kifupi, na mimea mingine hutoa majani yake bora Oktoba na Novemba, wakati kichanja hakifai kitu. Kikundi kimejadiliana kuhusu kujenga kikaushio cha sola, sanduku la mbao ambalo hewa hupashwa moto kwenye bati jeusi pembeni, kisha ikapita chini ya majani na kutokea juu kwenye bomba. Fundi alipendekeza lifunikwe kwa plastiki angavu, ionekane kazi inaendelea. Mama mdogo alikataa. Anataka chumba cha majani kiwe na giza, tundu la kutolea hewa liwe kubwa kuliko la kuingizia, na ndani kining’inie kipimajoto ambacho mtu akikiona kimefika 40 afungue mlango. Fundi amekubali kuhusu giza na kuhusu matundu. Kipimajoto chenyewe hakijapatikana Biharamulo, nitakinunua Mwanza kabla ya vuli.